Drili ya gia ya mtumba au ya mkanda: ipi iingie karakana ya nyumbani?

Tundu la milimita 22 kwenye pleti ya milimita 12 ndilo lililonichosha na drili yangu ya mezani. Ilikuwa kazi ya ndoano za tela, vipande nane, kila kimoja matundu mawili. Nilianza na biti ya 6, nikaja 10, nikaja 14, nikaja 18. Nilipofika 22, ile yenye shina lililopunguzwa hadi 13 ili liingie kwenye kibanio, mkanda ukaanza kulia, banda likajaa harufu ya mpira, na biti ikasimama kimya huku mota inazunguka juu yake. Matundu kumi na sita yalinila siku mbili. Jioni ya siku ya pili nikampigia dalali mmoja wa Gerezani nikamwambia nataka drili ya gia, ile ya kusimama, hata kama imechoka kidogo.

Dalali hakuuliza natoboa nini. Aliuliza nina shilingi ngapi. Katika wiki tatu zilizofuata niliona mashine tano, nikanunua moja, na nusura ninunue ile ambayo ingebaki pambo. Hapa nalinganisha nilichokiona: drili mpya ndogo ya mezani, drili ya kusimama ya mkanda ya mtumba, na drili nzito ya gia ya mtumba. Nimeegemea zaidi ile ya mwisho kwa sababu ndiyo inayowapoteza watu, mimi nikiwemo.

Kwanza tujue gia inakupa nini, maana wengi wanadhani ni uimara tu. Gia unailipia mwendo wa taratibu wenye nguvu. Biti ya kawaida ya chuma cha kasi (HSS) ikikata chuma laini, ncha yake ya nje inataka kupita kwenye chuma kwa mita 25 hivi kwa dakika. Ukipiga hesabu, biti ya 6 inataka mizunguko 1,300 kwa dakika, ya 10 inataka 800, ya 22 inataka 360, na ya 32 inataka 250. Sasa nenda kaangalie jedwali lililobandikwa ndani ya kifuniko cha drili nyingi mpya za mezani: mwendo wa chini kabisa ni 400 hadi 500. Biti ya 22 kwenye mizunguko 500 inakata kwa karibu mita 35 kwa dakika. Inageuka rangi ya bluu kwenye ncha kabla hujamaliza tundu la tatu. Na kama unatoboa springi za gari, kama tunavyofanya wengi kwa kuwa ndicho chuma kigumu kinachopatikana kwa bei ya chakavu, unahitaji mita 12 au hata pungufu. Kwa biti ile ile ya 22 hiyo ni mizunguko 170. Drili ya mezani haina namba hiyo kabisa.

Halafu kuna suala la puli, ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka nilipolitazama kwa macho. Ili drili ya mkanda izunguke taratibu, mkanda unakaa kwenye puli ndogo kuliko zote upande wa mota. Pale umeizunguka puli kwa eneo dogo kuliko kwenye hatua nyingine zote. Kwa hiyo pale unapohitaji mshiko mkubwa ndipo mkanda unapokuwa na mshiko mdogo. Ukikaza mkanda zaidi unaua beringi. Gia haina tatizo hilo. Mota ya kilowati 0.75, nguvu farasi moja, ikipunguzwa kwa gia kutoka 500 hadi 250 inazidisha nguvu yake ya kuzungusha mara mbili, ukiondoa kidogo kinachopotea njiani, na meno hayatelezi.

Ila hilo la kutoteleza lina upande wake wa pili, na wauzaji hawalisemi.

Miaka michache nyuma nilikuwa natoboa flati ba nikiwa nimeishika kwa mkono. Najua, najua. Biti ya 16, mwisho wa tundu, pale inapotokea upande wa pili na kuuma ile ngozi nyembamba iliyobaki. Ikanasa. Flati ba ikanitoka, ikazunguka robo duara, ikagonga nguzo, mkanda ukateleza, ukapiga yowe, kila kitu kikasimama. Nilibaki na mchubuko kwenye kidole gumba. Kwenye drili ya gia ya kilowati moja na nusu ile flati ba ingeendelea kuzunguka mpaka kitu kivunjike, na cha kwanza kuvunjika kwa kawaida ni biti au mkono. Kwa hiyo ukinunua ya gia, weka kwenye bajeti jiliwa zito na bolti za kulifunga mezani. Na glavu zikae mbali kabisa na biti inayozunguka, hata kama chuma ni cha moto.

Nikiziweka pembeni kwa pembeni:

| | Mpya ya mezani, mkanda | Ya kusimama ya mtumba, mkanda | Ya mtumba, gia |
|---|---|---|---|
| Tundu kubwa la kila siku kwenye chuma laini | 13 mm | 16 hadi 20 mm | 25 hadi 40 mm, kwa modeli |
| Mwendo wa chini | 400 hadi 500 | 300 hadi 500. Zenye puli ya kati hushuka chini ya 200 | mara nyingi chini ya 150 |
| Biti ndogo, 1 hadi 3 mm | vizuri | vizuri sana | kwa shida |
| Umeme | njia moja | moja au tatu | karibu zote njia tatu |
| Uzito | mtu mmoja au wawili | 100 hadi 200 kg | 250 kg na kuendelea |
| Kelele | ndogo | ndogo | majirani watajua |
| Biti ikinasa | mkanda unateleza | mkanda unateleza | haisimami |

Mstari wa biti ndogo usiupite haraka. Biti ya milimita 2 kwenye chuma inataka mizunguko karibu 4,000. Drili nyingi za gia mwendo wa juu hauzidi 2,000 hivi. Aidha mkono wa kushushia ni mzito kiasi kwamba huhisi biti inapokaribia kukatika. Unasikia tu "tik" na imeshaisha. Mtu anayetengeneza vitu vidogo, makufuli, spea za cherehani, vibao vya umeme, drili ya gia itamtia hasara ya biti kila wiki.

Hapo ndipo ile ya katikati inapostahili heshima kuliko inavyopewa. Meddings za Uingereza, kwa mfano, ni za mkanda, na huko kwao zilijaa kwenye karakana za shule. Zimetengenezwa zistahimili wanafunzi, na hakuna mtihani mgumu kuliko huo. Fobco nazo ni za mkanda. Shafti yake imenyooka kiasi kwamba mashine ya miaka hamsini inaweza kutoboa tundu la duara safi kuliko ya mezani iliyotoka kwenye boksi jana. Ukikuta moja inayozunguka bila kutikisika, na kazi yako haizidi milimita 16, nunua hiyo na usiendelee kusoma.

Wewe unayeendelea, tuzungumze umeme, maana mimi niliangukia hapo.

Mashine ya tatu niliyoonyeshwa ilikuwa Arboga, kutoka mji wa Arboga kule Uswidi. Kukuta Mswidi hapa kwetu hakunishangazi. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, ilikuwa na mpango wa viwanda ndugu na Uswidi, ambapo viwanda vidogo vya huko viliunganishwa na vya hapa, na nadhani baadhi ya chuma hiki kiliingia kwa njia hiyo. Ilikuwa mashine nzuri: gia kimya kwa umri wake, shafti safi, meza haijatobolewa hata tundu moja la makosa. Nilishatoa kishika uchumba. Rafiki yangu fundi umeme, niliyemleta kwa ajili ya kubeba tu, akapiga magoti akasoma kibao cha mota. "Kaka, hii ina miendo miwili."

Maana yake ni hii. Nyumbani wengi tuna umeme wa njia moja, volti 230. Drili za gia nyingi zina mota ya njia tatu. Suluhisho la kawaida ni inveta ya mota, siyo ile ya sola, bali kile kiboksi ambacho wauzaji wanakiita VFD: kinaingiza njia moja 230 na kutoa njia tatu 230. Kinafanya kazi vizuri kabisa kama kibao cha mota kimeandikwa 230/400, kwa sababu unabadilisha vile vibati vitatu ndani ya boksi la nyaya kutoka nyota kwenda pembetatu, namna mbili za kuunganisha nyaya za mota, na mota inakubali 230. Lakini mota ya miendo miwili, ambayo kibao chake kina namba mbili za mizunguko, kama 700 na kitu na 1,400 na kitu, na namba mbili za kilowati, kwa kawaida imesukwa kwa 400 tu. Ile njia ya kuigeuza iwe 230 imeshatumika kutengeneza mwendo wa pili. Kiboksi cha kawaida hakiiwezi. Na kwa hizi mashine mwendo wa mota ni nusu ya giaboksi: gia nne mara miendo miwili ya mota ndiyo miendo minane inayotangazwa kwenye kibao cha mbele.

Basi badilisha mota, utasema. Nami nilisema hivyo. Tatizo ni kwamba kwenye drili nyingi za gia mota imekaa kichwani kwa flenji na gia ya kwanza imevaa moja kwa moja kwenye shafti yake. Shafti hiyo si ya dukani. Utahitaji fundi wa kerezo achonge, na gia ile uitoe bila kuipasua. Vipo viboksi vinavyopandisha 230 hadi 380, bei yake iko juu zaidi. Ipo pia njia ya kuomba TANESCO wakuletee njia tatu, kama nguzo ya mtaani kwako ina nyaya zote. Ukishaipata, umefungua mlango wa mashine yoyote duniani. Ila hesabu gharama hiyo kama sehemu ya bei ya drili, isiwe mshangao wa mwezi unaofuata. Mimi nguzo yangu ina nyaya mbili. Arboga ikaenda kwa mtu wa Temeke mwenye njia tatu, na bado inaniuma.

Neno moja kwa wale wanaofikiri kiboksi hicho kinaweza kuifanya drili ya mkanda iwe ya gia. Hakiwezi. Kiboksi kinapunguza mwendo, nguvu ya kuzungusha inabaki ile ile. Gia inapunguza mwendo na kuongeza nguvu. Ukiishusha drili ya mezani hadi 170 kwa kiboksi ukaipa biti ya 22, itasimama kwa adabu zaidi tu. Na mashine za Marekani, kama ukikutana nayo, mota zake zilipimwa kwa hezi 60; kwetu ni 50, hivyo mwendo wote unashuka kwa sehemu moja ya sita.

Sasa ukaguzi. Mashine ya kwanza kati ya zile tano ilikuwa imepakwa rangi ya kijani mbichi, mpaka juu ya kile kioo kidogo cha kuonyesha oili. "Hiyo Mjerumani hiyo, bosi," muuzaji akasema, akiipiga kofi begani kama ng'ombe wa mnadani. Pale kibao kilipotakiwa kuwepo kulikuwa na matundu manne ya riveti. Mashine isiyo na kibao haina namba, haina volti, na haina asili isipokuwa ile ya mdomoni. Nilikwangua rangi ya kioo kwa ukucha: kavu. Nikaondoka.

Kwa nyingine nilikuwa nafanya hivi. Umeme ukiwa umezimwa, nazungusha shafti ya biti kwa mkono huku nikiingiza gia moja baada ya nyingine. Kila gia nazungusha mizunguko kadhaa polepole. Jino lililovunjika utalihisi kwenye kiganja kabla ya kulisikia: unakuja mzito, mzito, mzito, halafu pengo, halafu mzito. Kisha naomba chombo na spana, nafungua nati ya chini ya kutolea oili, namwaga kikombe kimoja. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Unga unaong'aa kama dhahabu ni shaba ya bushi zinazoliwa. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno, na hapo mazungumzo ya bei yanaanza upya au yanaisha. Muuzaji akikataa usifungue nati, amekwisha kukujibu.

Baada ya hapo nashusha shafti mpaka mwisho na kuisukuma pembeni kwa kiganja. Mchezo ukiuona kwa macho, achana nayo. Kama una dial geji yenye sumaku, ile saa ya kupimia mtikisiko, iweke mezani, gusisha ncha yake ndani ya koni ya shafti, lile tundu linaloingia biti, zungusha kwa mkono. Ndani ya 0.05 mm ni mashine nzuri ya karakana ya nyumbani. Ndani ya 0.02 usimwambie muuzaji ulichokiona. Kisha ingiza kidole ndani ya koni na upapase: mikwaruzo mirefu ina maana mtu aliacha biti kubwa izunguke ndani yake. Inasafishika kwa kifaa chake, lakini bei ishuke.

Koni hiyo, ya Morse, ndiyo inayokuambia ukubwa halisi wa mashine. Biti za koni namba 2 zinaishia milimita 23, za namba 3 zinaishia 32 hivi, za namba 4 zinafika 50. Mashine ya namba 3 ndiyo ningemshauri mtu wa nyumbani. Ya namba 4 ni nzito mno, na biti zake zenyewe ni fedha. Ulizia pia kabari ya kutolea biti na zile soketi za kupunguzia koni; mara nyingi vimepotea, na ni kisingizio kizuri cha kupunguziwa.

Mwishowe iwashwe. Gia zinalia, hilo ni lao. Unachosikiliza ni mlio ulio sawasawa. "Ko, ko, ko" yenye kurudi kwa mpigo mmoja ni jino au beringi. Kama ina mlisho wa kujiendesha, uingize na uone kama biti inashuka bila kuruka na kama unajitoa wenyewe kwenye kina ulichoweka. Mlisho huo ndio raha halisi ya mashine hizi: unashusha biti ya 22, unaingiza mlisho wa milimita 0.2 kwa mzunguko, unashika chupa ya oili, na nyuzi mbili za chuma zinapanda kwa pamoja zikijikunja, moja kila upande wa biti. Nyuzi zikitoka mbili zenye unene sawa, biti imenolewa vizuri na shafti imenyooka. Ikitoka moja, kosa huwa la mnoaji wa biti.

Vitu ambavyo havinitishi: kutu kwenye nguzo, rangi iliyobanduka, na meza yenye ndui za matundu ya wanagenzi. Meza hujazwa na kusawazishwa. Kinachotisha ni meza iliyopasuka na kuchomelewa.

Za China za gia nazo zipo mtumbani, na kibao chake kinasomeka kirahisi: Z ni drili, na namba mbili za mwisho ni tundu kubwa inalodai. Z5032 ni milimita 32, Z5040 ni 40. ZJ4116, ile ndogo ya mezani ya mkanda inayojulikana sana, ni 16. Mimi hupunguza robo ya dai hilo.

Kusafirisha: kirikuu kitaubeba uzito, lakini kichwa ni kizito kuliko miguu, hivyo shusha meza na kichwa mpaka chini, toa oili, ulaze mgongoni juu ya matairi. Kushusha tumia cheni bloku. Vijana wanne wenye nguvu hawatoshi, nilijaribu. Sakafu iwe zege la sentimita kumi au zaidi, na drili ifungwe kwa bolti.

Kama kazi yako ni mihimili na mapaa yaliyokwisha kusimama, hakuna drili ya kusimama itakayokusaidia; tafuta ya sumaku uipandishe ilipo kazi.

Niliyoinunua ni ya tano. Haina jina la kujivunia, imetengenezwa China, ina koni namba 3, mwendo wa chini ni 110, na mota ni ya mwendo mmoja, 230/400, ambayo tulisoma kibao chake kabla hata ya kuinua kifuniko cha gia. Gia moja, ya kasi zaidi, inapiga kelele nisiyoipenda, siitumii. Oda ya pili ya ndoano za tela ilipokuja, nilipitisha 8 kisha 22 moja kwa moja, na matundu kumi na sita yaliisha kabla ya adhuhuri.

Ile ndogo ya mezani sijaiuza. Biti ya milimita 3 bado ni kazi yake.